Nyumba Tuliyopewa Kaburini

Mimi ni mkurugenzi wa taasisi ya utafiti na ujenzi wa amani, na katika maisha yangu hakuna mtu aliyenitukana zaidi ya mhasibu wangu.

Hanitukani kwa ubaya. Babu yake alikuja kutoka Unyamwezi enzi za mkonge, mmoja wa vibarua wa mkataba waliokuwa wakiitwa manamba, akazeekea Magoma, na wajukuu wakawa Wanyamwezi wa Korogwe wasioijua hata stesheni ya Tabora. Mimi ni Mzigua wa Mazingara, upande wa Handeni. Kwa hiyo sisi ni watani, makabila yetu yameruhusiana matusi tangu zamani, na mtani hana breki. Asubuhi nikiingia ofisini hanisalimu kwanza. Ananitazama miguuni na kuuliza kama viatu ni vyangu au nimeazima. Nami namuuliza kama babu yake alisahau njia ya kurudi kwao au alifukuzwa. Tukishamaliza hayo ndipo tunaulizana habari za nyumbani na kazi inaanza. Wageni wanaofika kwa mara ya kwanza hututazama kwa huruma, wakidhani taasisi ya amani inatafunana yenyewe.

Kazi yetu ni kukaa katikati ya watu. Wakulima na wafugaji wanagombania maji, majirani wanagombania mpaka wa shamba, na sisi tunakwenda, tunauliza, tunaandika, tunawakalisha pamoja wazungumze. Mzee mmoja wa Kimaasai kule Handeni aliwahi kuniambia jambo ambalo sikuliweka kwenye ripoti. "Nyie watu wa amani," alisema, "kila mwaka mnakuja kutuuliza tuligombana vipi. Msipokuja, tunasahau."

Ubaya wa amani ni kwamba ikipatikana haionekani. Mwenye kuchimba kisima anapiga picha ya kisima. Mwenye kujenga choo cha shule anapiga picha ya choo, na mwalimu mkuu amesimama mlangoni anatabasamu. Ugomvi ambao haukutokea unaupiga picha wapi? Mfadhili wetu, aliyekuwa nchi ya mbali na mwenye adabu nyingi, alitaka viashiria. Mhasibu akashauri tupige picha ya watu wa Mazingara wamekaa tu, tuandike chini yake: hawa, bila sisi, wangekuwa wanapigana. Nilimwambia ni upumbavu. Baada ya siku kadhaa za kukuna kichwa, nikapeleka picha ya watu wa Mazingara wamekaa tu.

Halafu mfadhili akabadili vipaumbele. Akaandika kwamba sasa fedha zinakwenda kwenye mabadiliko ya tabianchi, na kama andiko letu litahusu hayo, atalisoma kwa furaha. "Rahisi," akasema mhasibu. "Andika kwamba jua likizidi watu wanakasirika upesi." Nikaandika hivyo hivyo kwa Kiswahili cha kisomi, kisha kwa Kiingereza cha kisomi zaidi. Tulikataliwa kwa barua ya upole kiasi kwamba niliisoma mara mbili kabla ya kuelewa kuwa tumefukuzwa.

Tukabaki tunaishi kwa kukodisha viti. Tulikuwa na viti vya plastiki vya semina, vimeandikwa AMANI mgongoni kwa rangi ya bluu, na harusi za Korogwe hazina mwisho. Siku moja kiti kikarudi kimevunjika mguu, maana shemeji wa bwana harusi alimpiga nacho mjomba wa bibi harusi. Nilikasirika sana. Mhasibu hakukasirika, aliandika kwenye taarifa ya bodi kwamba vifaa vya taasisi vinatumiwa na jamii katika utatuzi wa migogoro.

Pamoja na hayo yote hatukufa, na sababu ilikuwa moja: nyumba. Mwenyekiti wa bodi yetu, mzee wa kwetu Mazingara, karani mstaafu, alikuwa na nyumba ya vyumba vinne pale Korogwe mjini na alitupa tuitumie bure. Hakuna mkataba ulioandikwa. Alituita, akatukabidhi funguo, akasema, "Kaeni humo, fanyeni hiyo amani yenu, mkichoka mtanirudishia." Kila kikao cha bodi alikuja, akafungua kwa dua, akasinzia mpaka chai. Ukimwamsha alisema hakuwa amelala, alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri. Nilimpenda yule mzee. Alikuwa mtu pekee duniani aliyeamini kazi yetu bila kudai picha.

Mwanawe mkubwa hakuiamini hata chembe. Ana duka la vipuri vya pikipiki Handeni, mtu wa kazi, hanywi, hacheki ovyo. Mzee alipoanza kuugua na kubaki kitandani Mazingara, huyu mwanawe akaja ofisini na futikamba. Sisi tuko kwenye kikao, yeye anapima. Akapima chumba changu, akapima korido, akamwomba mhasibu asogeze kiti kidogo ili afikie ukuta. "Hapa," akajisemea, "kitanda cha tano kwa sita kinaingia, na bafu la ndani." Korogwe iko barabarani, magari ya Arusha na Moshi yanapita usiku na mchana. Alitaka gesti.

Nikaamua kutumia taaluma. Nimefundisha usuluhishi kwa watu wengi, wengine wakiwa na mikuki nje ya mlango. Nikamkaribisha, nikamwagizia soda, nikamwambia naelewa haki yake kama mtoto wa mzee, kisha nikamweleza kwa utulivu kwamba bila ile nyumba hatuna taasisi, tuna viti na mhuri tu. Akanisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akainama mbele kidogo, akanitazama machoni na kusema, "Mkurugenzi, nimekusikia. Nimeuona uchungu wako, na nakushukuru kwa kuniamini nao. Mwisho wa msimu huu mtoke."

Nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kuhudhuria semina yetu. Cheti chake nilikisaini mwenyewe.

Mzee alifariki kabla ya msimu kwisha. Mimi na mhasibu tuliondoka Korogwe asubuhi na gari la ofisi, ambalo halipendi milima wala mabonde, na njia nzima mhasibu hakusema neno. Nikadhani ana huzuni. Kumbe alikuwa anajipanga.

Tulipofika Mazingara mimi niliketi na wanaume wa kwetu, nikalia kidogo, nikapokewa kama mwana wa nyumba. Mhasibu yeye alipitia nyuma. Baada ya muda tukamwona anatoka mlangoni amevaa kofia ya marehemu na koti lake, ambalo halikumfika hata nusu ya tumbo, maana mhasibu ni mtu mwenye mwili. Alitembea kama marehemu, mkono mmoja kiunoni. Akaketi kwenye kiti cha marehemu, akafumba macho, akakoroma, kisha akashtuka na kusema kwa sauti ile ile ya mzee, "Sijalala! Endeleeni kutafuna hela, nawasikia!" Mjane, aliyekuwa hajala wala kusema tangu jana yake, alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalia vizuri, kilio cha kushusha uchungu. Mhasibu akainuka akaenda jikoni kuonja wali, akatangaza kwamba Wazigua hata kwenye msiba wanabana mafuta, akaondoka na kifuniko cha sufuria.

Yote hayo ni desturi. Mtani akifanya hivyo msibani hakuna anayenuna, na anachokidai hapewi kwa hisani, anapewa kwa sababu ni haki yake. Kwa kawaida hudai kuku, au noti, au kanga.

Tulipofika makaburini, jeneza likiwa bado mabegani, tukamkuta mhasibu yuko ndani ya kaburi. Amelala chali, mikono kifuani, miguu ameikunja kwa sababu wachimbaji walichimba kwa kipimo cha mzee, si chake.

"Mtani, toka," sheikh akamwambia. Alikuwa mtu mpole, ila jua lilikuwa linampiga.

"Sitoki, shehe wangu. Huku kuna ubaridi mzuri kuliko ofisini kwetu."

Mtu akamtupia noti. Akaichukua, akaitazama juani, akaiweka mfukoni. "Hii nimepokea kama nauli ya kuja. Sasa tuzungumze." Wakaleta jogoo. Akasema jogoo amekondeshwa na uchoyo wa wenye nyumba, hawezi kumpokea, atashtakiwa kwa kumtesa mnyama. Watu wanacheka, sheikh anapangusa jasho, mwana mkubwa amesimama pembeni ametazama chini.

"Basi sema unataka nini," akasema mjomba wa marehemu.

"Nataka nyumba ya Korogwe."

Watu wakacheka zaidi. Mwana mkubwa hakucheka, akainua uso. Mimi sikuwa nimemtuma mhasibu, naapa. Lakini nani angeniamini? Tuna sera ya mgongano wa maslahi pale ofisini, nimeiandika mimi, kurasa zote, na humo ndani hakuna kifungu kinachosema mhasibu akilala kaburini mkurugenzi afanye nini.

Na hapo ndipo mjomba akanishika bega. "Wewe si ndiye msomi wa usuluhishi? Huyu ni mtani wako wa kila siku. Wewe ni wa kwetu. Mtoe."

Kila uso pale makaburini ukanigeukia. Kwa damu mimi ni mfiwa, kwa kazi mimi ni mwenye kunufaika, na nilitakiwa nisimame ukingoni mwa kaburi nimshinde mtu ambaye roho yangu yote ilikuwa inamwombea ashinde. Nilimtazama mhasibu kule chini. Akanikonyeza, shetani yule.

"Mtani," nikaanza, "nyumba ni kubwa. Chukua mbuzi."

"Mbuzi ana vyumba vingapi?"

"Mbuzi wawili."

"Wana umeme?"

Sasa ajabu yangu ni hii: nilipozidi kubishana naye, nilisahau ninamtaka nani ashinde. Mimi nina hasira za karibu, na yule mtu alikuwa akinijibu mbele ya wazee wa kwetu. Nikamwambia babu yake alikuja Tanga kukata mkonge, wala hakuja kugawiwa majumba. Akanijibu kwamba mkonge huo ndio uliomnunulia babu yangu baiskeli. Nikamwambia alipe kodi kama watu. Akasema atalipa akizikwa, na kwa kuwa ameshaingia, tumfukie tumalizane. Nikajikuta napiga kelele, "Basi miaka mitatu, halafu mtoke!" na mjomba akanifinya mkono kwa nguvu, maana nilikuwa nimetumwa kumtoa mtu, nami nimeanza kugawa mali ya marehemu.

"Mitatu haitoshi," mhasibu akasema kutoka chini. "Tuna andiko la mradi la miaka mitano."

"Maiti hacheleweshwi," sheikh akasema. Vijana waliobeba jeneza wakabadilisha mabega.

Ndipo mwana mkubwa uvumilivu ulipomwisha. Mtu asiyecheka ovyo akikasirika husema sentensi moja tu. Alisogea mpaka ukingoni na kufoka, "Basi kaa nayo! Kaa nayo mpaka siku na wewe utakapoingizwa humo kweli!"

Mhasibu akainua kichwa taratibu. "Mpaka nife?"

"Mpaka ufe!"

"Mmesikia?" akawauliza watu.

"Tumesikia!" wakaitikia wote pamoja, na wanawake waliokuwa mbali nyuma ya miti wakapiga kigelegele ambacho sheikh alijifanya hakukisikia.

"Nimekubali," akasema mhasibu. "Nivuteni."

Hapo ikawa kazi nyingine, maana alikuwa amekwama. Mwanandani, ule mfereji wa ndani ya kaburi anamolazwa maiti, ulikuwa mwembamba na yeye ni mpana. Wawili walishuka wakasukuma, wanne wakavuta, mmoja akashauri wachimbe kidogo pembeni. Mwana mkubwa mwenyewe ndiye aliyevua kanzu akamshika kwapani, na walipomtoa wakaanguka wote wawili juu ya udongo, mhasibu juu, yeye chini. Nikasikia sauti ambayo sikuitambua. Alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yakimchuruzika kwenye vumbi, na mhasibu akamfuta kwa kofia ya baba yake na kuirudisha kichwani pa huyo mwana. Tukamzika mzee kwa heshima zote.

Baada ya arobaini nilikwenda dukani kwake Handeni. Dhamiri ilikuwa inanisumbua. Nikamwambia lile lilikuwa neno la utani, na sisi kama taasisi hatuwezi kumshikia mfiwa neno alilolisema kwa uchungu. Alikuwa anahesabu plagi za pikipiki, hakuacha. "Ni neno la utani, ndiyo," alisema. "Ndiyo maana siwezi kulirudisha. Ungekuwa mkataba, ningetafuta wakili."

Basi tukawa na nyumba, na muda wa kukaa ndani yake ukawa ni uhai wa mhasibu.

Sijui kama kuna taasisi nyingine ya utafiti ambayo mpango mkakati wake wote ni presha ya mtu mmoja. Nilimkataza kupanda bodaboda. Nilianzisha matembezi ya jioni kwa wafanyakazi wote, tuko wanne, ili aone haya kukataa. Nilihamisha kopo la chumvi nyumbani kwangu. Mke wangu alimpelekea mchicha na kisamvu kisicho na nazi, na mhasibu akauliza kama mimi ni mwajiri au mfugaji wa mbuzi.

Upande wa pili, mwana wa marehemu naye akawa karimu ghafla. Kila akipita Korogwe kununua mzigo alileta mfuko wenye joto: chipsi mayai, mishkaki ya nundu, vitumbua vinavyotiririka mafuta. "Kula, mtani," anasema, "umekonda." Anakaa pale anamtazama anavyotafuna, kama mtu anayemwagilia bustani. Mhasibu anakula yote, anajilamba vidole, anamwambia, "Babu zangu walikula ugali mkavu wakaishi miaka tisini, wewe endelea tu kupoteza hela." Mimi nikisikia hivyo namwambia asimame tutembee. Nilikuwa namchukia yule mwana wa marehemu siku za mishkaki, kwa dhati kabisa, mimi mkurugenzi wa amani.

Halafu mhasibu akaanguka. Ilikuwa mchana, anajumlisha mapato ya viti. Akasema kichwa chake kinazunguka, akaweka kalamu chini vizuri, akateleza kutoka kwenye kiti. Tulimbeba mpaka kwenye gari, na gari, kwa mara ya kwanza tangu tulinunue, liliwaka bila kusukumwa.

Siku ya pili nikaruhusiwa kumwona hospitalini. Alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, dripu mkononi, uso umevimba, mdomo umekwenda upande kidogo. Upande mmoja wa kitanda nilikaa mimi. Upande wa pili, nilipoinua macho, alikuwa amesimama mwana wa marehemu, ameshika mfuko wa machungwa. Sikumwuliza kaletwa na nini.

Mhasibu alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mmoja kaja kunitazama mimi," alisema kwa ulimi mzito, "mwingine kaja kuitazama nyumba. Sijui nani ni nani."

Nilifungua mdomo nimjibu. Ninayo matusi ya akiba ya miaka yote hiyo, ya babu yake, ya tumbo lake, ya mwandiko wake. Hakuna hata moja lililotoka. Nilikaa tu nimeshika ncha ya shuka.

Nikaona anaogopa. Macho yakamtoka. "Mbona hunitukani? Daktari kakwambia nini?"

"Hakuniambia kitu."

"Basi nitukane."

Nikashindwa tena. Ndipo yule mwana wa marehemu akakohoa, akasema kwa sauti inayotetemeka, "Inuka, mjukuu wa manamba. Unachakaza shuka la serikali bure." Akageuka akatazama dirishani, mabega yakimcheza, na machungwa yakaanza kudondoka mfukoni moja moja, yakabingirika chini ya kitanda bila mtu kuyaokota.

Mimi nikalia wazi, kama mtoto. Nikamwambia yule mwana, "Chukueni nyumba. Chukueni leo hii, na funguo, na viti, mimi sitaki afe."

"Nyamaza!" mhasibu akanifokea, na mdomo ule uliokwenda upande ukajitahidi kunyooka. "Unasema hivyo mbele ya mashahidi, mjinga wewe! Nimelala kaburini mzima mzima kwa ajili ya hiyo nyumba!"

"Nimesikia," akasema mwana wa marehemu bila kugeuka. "Ila mimi na huyu ni Mzigua kwa Mzigua. Hakuna utani hapo, kwa hiyo neno lake haliniingii. Nyumba ni yako, mtani. Na ole wako ufe."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alituuliza kama tuna akili timamu. Mhasibu alikuwa anacheka mpaka dripu inatikisika, na muuguzi akaja akatutoa nje sisi wawili.